Ndama wa Mzee Loishiye

Terrat, 8 Aprili 1930

Dada Tabea,

Shikamoo. Natumaini mama hajambo na kikohozi chake kimepungua. Mimi ni mzima wa mwili. Akili ndiyo inanitoka kidogo kidogo, na nakuandikia kabla haijaisha yote.

Unajua kilichonileta huku. Ugonjwa wa sotoka ulipomaliza ng'ombe wa baba mkwe, Mzee Loishiye, mke wangu Nashilu alilia hapo kwetu Nkoaranga hadi mama naye akalia. Nikasema: mimi ni mkulima, mtoto wa mkulima, nitashindwaje kumfundisha mzee mmoja kupanda mahindi? Kuna kijito, kuna ardhi nyeusi isiyojua jembe tangu Mungu aiumbe. Nikaona ni kazi ya msimu mmoja. Ulinionya. Usinikumbushe.

Sasa sikiliza. Siku ya kupanda nilichimba mashimo, nikamwita Mzee Loishiye aone. Nikamwambia Nashilu amweleze kwa Kimaa kwamba leo tunapanda. Akaeleza. Mzee akautazama mfuko wa mbegu, akalitazama shimo, akanitazama mimi.

"Watoto wa jirani wana njaa," akasema, "na wewe unazika chakula?"

"Siziki, mzee. Napanda."

Nashilu akafasiri. Wakazungumza wao kwa wao kwa muda mrefu mno kwa neno moja.

"Anasema nini?" nikauliza.

"Anasema kilichofukiwa kimefukiwa. Anauliza mahindi yako yamekufa kwa ugonjwa gani."

Dada, kesho yake nilikuta mistari miwili ya kwanza imefukuliwa, na watoto wanakula mahindi ya kukaanga huku wananishukuru. Mzee ndiye aliyewaruhusu. Alisema anawaokoa.

Nikapanda tena. Mvua ikaja, mahindi yakachipua, nikamshukuru Mungu. Asubuhi moja natoka nje namkuta Mzee amesimama katikati ya shamba langu na ng'ombe wake wawili waliosalia, wanakula. Anatabasamu! Nilipiga kelele mpaka koo likauma.

"Hayo ni mahindi!"

"Mahindi nimeyaona sokoni," akasema. "Ni meupe, magumu, yanakaa kwenye gunia. Hiki kimetoka ardhini, ni kibichi, na ng'ombe anakitaka. Kwenu mnakiitaje kitu kama hicho kama si majani?"

Naona lugha ya hawa watu imeugawa ulimwengu mara mbili tu: kinacholiwa na ng'ombe na kisicholiwa. Sisi wenye jembe tumewekwa upande wa pili. Nashilu anasema nasema upuuzi, kwamba lugha yao ina maneno ya kutosha, ila mimi katika mwaka mzima wa ndoa nimejifunza "njoo" na "maziwa" tu.

Msalimie mama. Msalimie kaka Ephraimu. Barua uipitishe dukani kwa Omary mjini, watu wa huku humkuta siku za soko.

Mdogo wako,
Naftali


Nkoaranga, 27 Aprili 1930

Mdogo wangu Naftali,

Marahaba. Barua yako nilimsomea mama. Alicheka hadi kikohozi kikamrudia, kwa hiyo kosa ni lako.

Unamlaumu mzee wa watu bure. Umemsahau yule mpagazi aliyepita hapa kwetu wakati wa baba, akaomba "ndizi"? Mama alisimama mlangoni akimkodolea macho. Ndizi ipi? Ya kuchoma, ya kupika na nyama, ya pombe, ya kumlainishia mtoto? Kila moja ina jina lake, hakuna anayeziita zote kwa neno moja. Mama aliingia ndani akatuambia, "Kuna mtu nje hana akili, hata hajui anataka kula nini." Wewe ulicheka kuliko wote. Leo mzee amesimama mbele ya majani yako ya kijani na kukutazama kama mama alivyomtazama mpagazi, nawe umekasirika.

Anajua nini huyo mkweo? Anajua ng'ombe. Basi zungumza naye kwa ng'ombe. Mwambie hayo si majani, ni ndama, wamezaliwa juzi na bado miguu inawatetemeka. Uone kama atawaachia ng'ombe wake wawale.

Jambo la pili, na hili si la kucheka. Njoo nyumbani. Usingoje mavuno. Kuna neno kuhusu kihamba cha migomba alichotuachia baba. Siwezi kuliandika, kwa sababu barua hupita mikono mingi kabla ya kufika kwa Omary, na kutoka kwa Omary hadi huko Mungu ndiye anayejua. Wewe njoo tu.

Dada yako,
Tabea


Terrat, 21 Mei 1930

Dada Tabea,

Shikamoo. Ulitania, mimi nikafanya kweli.

Nilimwambia Nashilu amwambie baba yake kwamba hawa ni ndama. Alinitazama kama mgonjwa, halafu akasema. Mzee hakucheka. Alichuchumaa, akaligusa jani la mhindi mmoja kwa kidole, akauliza, "Mama zao ni nani?" Nikaonyesha ardhi. Halafu akaenda kukata miba, na kufikia jioni shamba lote lilikuwa na boma.

Tangu siku hiyo ni mtu mwingine. Anaamka kabla yangu. Upande wa kijito ameupa jina la rangi ya ng'ombe wake mwekundu aliyekufa, upande wa kichuguu ameupa la yule wa madoadoa. Magugu anayaita fisi, anayang'oa huku anayatukana. Jirani akipitisha mbuzi karibu, Mzee anainua fimbo. Nilidhani nimeshinda.

Mahindi yalikuwa yamesongamana, nikaanza kuyapunguza kama ulivyo utaratibu: unang'oa mche mmoja ili mwenziwe apate nafasi. Mzee aliniona. Alikuja mbio, na sijui mtu wa umri wake alizipata wapi mbio zile. Alinikamata mkono.

"Unaua ndama mzima?"

"Wakibaki wote watakonda."

"Basi wakonde! Wewe ukiwa na watoto wawili na maziwa kidogo, unamtupa mmoja?"

Nashilu ana mimba. Alifasiri maneno hayo akiwa ameshika tumbo, wote wawili wakanitazama kama mchawi. Upande wa kijito nilikuwa nimeshaumaliza. Upande wa kichuguu amenikataza kabisa. Kwa hiyo nusu ya shamba ni shamba, na nusu ni kichaka. Sasa niambie, ni heri alipokuwa anaona majani, au ni heri sasa anapoona ng'ombe? Nilitaka aone mahindi tu, Tabea. Mahindi! Ni kitu kigumu hivyo?

Na wewe acha mafumbo. Neno gani la kihamba? Siwezi kuacha mahindi yakiwa na mimba nije kusikiliza neno. Liandike au linyamazie.

Mdogo wako,
Naftali


Terrat, 15 Juni 1930

Dada Tabea,

Shikamoo. Naandika kwa haraka, mtu wa soko anaondoka.

Ndama wetu wamenenepa, hasa wa upande wa kijito. Sijapata kuona wazuri hivi. Lakini Mzee ataniua. Jana amegawa kwa rafiki zake watatu, kila mmoja fungu lake, bila kuniuliza! Nimerudi kutoka mjini nakuta watu wanachagua ndama wanaowataka, Mzee amesimama kama chifu. Nimemfokea. Anasema mtu asiyegawa ndama hana rafiki, na mtu asiye na rafiki ni maskini hata boma likijaa. Nikamwambia umaskini naujua vizuri, na kugawa mali si dawa yake. Hatujasemezana tangu jana.

Hata hivyo wametubakia wengi, njaa hatuna tena, na Mungu akipenda, kufikia mwezi wa nane tutakuwa watu wenye mali.

Mdogo wako,
Naftali


Nkoaranga, 3 Julai 1930

Naftali,

Nimerudi juzi kutoka Machame kwenye darasa la walimu, nikakuta barua yako ya tarehe kumi na tano imekwisha kufunguliwa. Aliyeifungua ni Ephraimu. Alimsomea mama kwa sauti, kisha akaichukua hadi kwa Mzee Philemoni, mkubwa wa ukoo, akamsomea naye. Sasa hapa kila mtu anajua kwamba Naftali ana ng'ombe wengi hadi anawagawia marafiki, na kwamba mwezi wa nane atakuwa tajiri.

Uliandika nini, wewe mtu? Mimi nikisoma najua ndama ni mahindi. Hiyo kejeli niliitunga mwenyewe, na sasa natamani mkono wangu ungekauka siku ile. Lakini barua hii haina neno "mahindi" hata mahali pamoja! Nimeisoma tena na tena nikilitafuta. Hata hukucheka ndani yake. Umeandika "ndama" kama mtu anayeandika ndama.

Sasa nakuandikia nililoogopa kuandika. Tangu mwezi wa pili Ephraimu amekuwa akilitolea macho fungu lako la kihamba, chini ya mfereji. Alisema fungu lisilolimwa ni pori. Nilimzuia. Mama alimzuia. Nilikuita uje usimame juu yake kwa miguu yako, ukanijibu kwamba mahindi yana mimba. Barua yako ilipofika, Ephraimu alisema, "Mwenye ndama wa kugawa anatafuta nini kwenye migomba? Amekuwa mfugaji, na mfugaji hana haja na kihamba." Kesho yake akakata migomba yako na kupanda miche ya kahawa.

Nilipomwambia ndama ni mahindi, alinicheka. Alisema hata mtoto mdogo anajua tofauti.

Njoo.

Tabea


Terrat, 11 Julai 1930

Dada,

Shikamoo. Mwambie Ephraimu kwamba mtu anayefungua barua ya mwenziwe halafu akakata migomba yake ana jina lake katika kila lugha, na hahitaji kufasiriwa.

Ndama ni mahindi! Mahindi! Nimeandika mara mbili, asome mwenyewe. Ni kosa langu kwamba ninaishi na watu wanaosema hivyo kutwa, na mdomo umezoea? Ukikaa jikoni utanuka moshi. Je, moshi huo ndio unaonifanya nisiwe mtoto wa baba?

Lakini siji. Sitakuja kuombaomba fungu langu mbele ya Mzee Philemoni kama yatima. Mimi nina shamba lililosimama hapa, mazao yapo, mke yupo. Ephraimu ale kahawa yake, tuone kama inashibisha.

Usiniulize tena habari hiyo.

Naftali


Terrat, 24 Julai 1930

Kwa wifi yangu Tabea,

Shikamoo wifi. Ni mimi Nashilu. Wewe ndiwe uliyenifundisha herufi, kwa hiyo ukiona zimepinda ujilaumu. Mume wangu hajui kwamba naandika.

Alikuandikia kwamba shamba limesimama. Halikusimama. Siku alipoandika barua ile nzige walikuwa wamekwisha pita.

Walikuja mchana. Tuliona kiza upande wa Monduli tukadhani ni mvua isiyo ya wakati wake. Halafu jua likawa jekundu. Walishuka juu ya mahindi, juu ya paa, juu ya kichwa changu. Sauti ya kutafuna ilikuwa kama moto kwenye nyasi kavu. Naftali alipiga debe hadi likapasuka, akaendelea kulipiga lililopasuka, mikono ikatoka damu. Walipoondoka kulibaki vijiti. Aliingia ndani akakaa. Kisha akaomba karatasi akakuandikia wewe barua ile ya majivuno. Nilimsoma usoni, sikumzuia.

Baba yeye hakukaa. Alitembea kati ya mistari yote, akavigusa vile vijiti kimoja kimoja. Halafu akajifunga shuka, akachukua fimbo, akamwambia Naftali, "Mkwe, twende kwa marafiki." Naftali akasema haendi kwa watu kuomba. Baba akasema haendi kuomba. Naftali akageuzia uso ukutani. Basi nikaenda mimi, na tumbo langu hili.

Tulianza kwa Lemburis. Yeye boma lake ni mbali na hapa, ng'ombe wake walipona sotoka. Alikuwa amechukua fungu lake la mahindi mabichi kabla ya nzige, watoto wake wamekula wakashiba. Baba alimsalimu akamwambia, "Boma langu ni tupu. Ndama wangu alikuja kwako."

Lemburis akasema, "Loishiye, mimi nilipewa mahindi. Tumekula, yamekwisha, tunashukuru."

"Ulipokuja kwangu uliomba nini?"

Lemburis akageuka kutazama ng'ombe wake.

"Uliomba nini? Tamka kama ulivyotamka siku ile."

Mke wake alikuwa ndani, akacheka kwa sauti. "Aliomba ndama! Nilikuwepo. Alisema, nipe ndama mmoja wa upande wa kijito, watoto wanalia."

"Ilikuwa namna ya kusema tu," akasema Lemburis. "Nilitaka kumfurahisha."

"Mimi sina namna nyingine ya kusema," baba akamjibu.

Walibishana hadi jua likawa juu kabisa. Wazee wengine walikuja, kila mmoja na neno lake. Mwisho Lemburis alitoa ng'ombe mwenye maziwa, akamsukuma kwa hasira hadi karibu anikanyage. Rafiki wa pili alitoa mbuzi jike wawili bila maneno. Wa tatu alikataa. Alisema mahindi ni mahindi. Baba hakumgombeza, alimwambia tu, "Basi umekula majani yangu," tukaondoka.

Sasa tuna maziwa. Tutaishi. Naftali anayanywa maziwa lakini hamwangalii baba. Wifi, mimi nimechoka kuwa mdomo wa wanaume wawili. Huyu akisema neno kali nalilainisha, yule akijibu nalilainisha, na usiku mimi ndiye ninayeumwa koo. Nakwambia na hili, ili uwe na haki kwa kila mmoja: upande alioupunguza Naftali ndio uliokuwa na mahindi manene, na marafiki wote watatu walichagua huko. Upande wa kichuguu ulikuwa umekonda hata kabla ya nzige. Nilimwambia baba. Akasema ninyamaze.

Tafadhali mwite mume wangu aje agombee fungu lake. Akiitwa na mimi hatakuja. Mtoto huyu asizaliwe hana mahali upande wa baba yake.

Wifi yako,
Nashilu


Nkoaranga, 25 Agosti 1930

Mdogo wangu Naftali,

Safari hii ulikuja nilipokuita, lakini ulitoka kwenye kikao cha ukoo umeubamiza mlango, hukuniaga wala hukumuaga mama. Sasa ukae chini usome, kwa maana kikao hakikuisha ulipotoka.

Nianze na usilolijua. Ephraimu aliposimama mbele ya wazee na barua yako mkononi, akasoma "tutakuwa watu wenye mali," na Mzee Philemoni akauliza, "Hayo maneno ni yako?", wewe ulisimama ukafoka. Unadhani ulisema nini? Nilikusikia baadaye njiani ukimwambia shemasi kwamba uliwaeleza wote vizuri habari ya mahindi na nzige na wao wakakataa kuelewa. Naftali, hukusema neno moja la kwetu. Hukusema hata Kiswahili. Tangu mwanzo hadi mwisho ulifoka kwa Kimaa.

Ulifoka kwa kirefu, na fimbo ukaielekeza chini kama wanavyofanya wao. Wazee walikutazama. Mzee Philemoni alinigeukia akauliza, "Anasema nini?" Mimi nitajuaje? Nawe uliposhangaa hakuna anayekujibu, ukasema sote ni mawe, ukatoka.

Ephraimu akakunja mikono, akasema, "Mmesikia wenyewe. Huyu si wa hapa tena." Na wazee, nakwambia kweli, walianza kutikisa vichwa kukubali. Nilisimama kusema, Mzee Philemoni akaniambia wanawake wangoje. Nikakaa huku damu inachemka.

Mama hakungoja. Unamjua, amekaa vikao vyote vya ukoo tangu baba alipofariki hajapata kufungua kinywa. Alisimama akikohoa, wakamngojea amalize kukohoa, na hilo ndilo lililowafanya wanyamaze.

Akasema, "Nimemsikia mwanangu akigombana kwa lugha ya watu wengine. Mtu hujifunza kusalimia popote. Kununua na kuuza, vivyo hivyo. Lakini akifika mahali anakasirika kwa lugha ya hapo bila kujua, basi amekwisha fika, harudi. Ephraimu ana haki katika hilo. Naftali harudi."

Ephraimu akaanza kushukuru. Mama akamwambia anyamaze.

"Kwa sababu harudi, ndiyo maana mtampa fungu lake. Angekuwa anarudi ningesema mngojeeni, atajitetea mwenyewe. Sasa ana mtoto njiani. Mtoto huyo atazaliwa katika maneno nisiyoyajua. Mkimnyima mahali hapa, nitaitwa bibi na nani, kwa maneno gani? Mnataka nife nikiwa bubu kwa mjukuu wangu?"

Mzee Philemoni alitazama paa kwa muda. Kisha akasema fungu la chini ya mfereji ni la Naftali na watoto wa Naftali, lilimwe au lisilimwe, na kwamba neno "pori" lisisikike tena kuhusu ardhi ya mtu aliye hai. Ephraimu aling'oa miche yake ya kahawa jioni hiyohiyo, akaipandisha juu kwake. Mingine ilikatika mizizi. Hasemi nami. Namhurumia kidogo, alikuwa ameipanda kwa mistari mizuri, na mkewe ndiye aliyebeba maji.

Migomba yako imeanza kuchipua kwenye visiki. Nitaipalilia mimi, usinishukuru, nitakapochoka nitakutukana.

Lingine ni kwamba mama anasema atakuja huko mtoto akizaliwa. Nimemkataza. Nimemweleza vumbi, nimemweleza njia, nimemweleza kifua chake. Anasema mimi nasoma vitabu vingi. Mwandikie wewe, umkataze kwa upole, na tafadhali, kwa lugha anayoijua.

Dada yako,
Tabea


Terrat, 19 Novemba 1930

Dada Tabea,

Shikamoo. Nilipata barua yako ya Agosti nikakaa nayo muda mrefu bila kujibu. Nilimuuliza Nashilu kama ni kweli kwamba nikikasirika nasema Kimaa. Akaniuliza, "Kwani wewe ulidhani unanigombeza kwa lugha gani?"

Mtoto amezaliwa salama, msichana, mweusi, ana sauti kubwa. Ng'ombe wa Lemburis bado anakamuliwa, na mama mtoto anakunywa.

Nawe unajua kwamba mama alifika, kwa sababu wewe ndiye uliyeshindwa kumzuia, halafu ukaniandikia mimi nimzuie. Alishuka kwenye lori la mizigo la Mhindi mmoja wa mjini, akapanda punda wa mtu wa soko, akafika hapa na furushi la maharagwe ya mbegu na kikohozi kilekile. Nilimwuliza kwa nini hakuja na blanketi badala ya maharagwe. Alisema, "Mlinieleza habari za nzige, hamkunieleza habari za baridi."

Sasa sikiliza taabu niliyo nayo. Mvua za vuli zimekaribia. Tangu asubuhi mama yuko shambani anatia maharagwe kati ya mashimo ya mahindi, na Mzee Loishiye anamfuata nyuma akiwa amembeba mtoto. Mzee hajui Kimeru. Mama hajui Kimaa. Kiswahili cha mama unakijua, na cha Mzee ni cha sokoni, cha "bei gani" na "ghali." Na hawajanyamaza tangu jua lilipotoka!

Nilisimama karibu nikasikiliza, kwa kuwa katika ulimwengu huu mimi ndiye peke yangu, pole yangu, ninayewaelewa wote wawili. Mama anamweleza habari za mfereji, jinsi baba alivyougombania, jinsi maji yanavyogawanywa, siku ya nani na siku ya nani. Mzee anamweleza kuhusu ng'ombe mwekundu aliyekufa na sotoka, alivyokuwa akitembea mbele ya wenziwe. Mama akisema "maji" anaonyesha kijito, Mzee anadhani anamwonyesha mahali ng'ombe alipofia, anatikisa kichwa kwa huzuni. Mama anaona ametikisa kichwa, anadhani anamwonea huruma kwa habari ya mfereji, anamwambia asante. Kisha wanabadilishana mtoto, mmoja ashike, mmoja afanye kazi, na wanaanza tena.

Mashimo yao yamepinda, Tabea. Hayafuati mstari hata kidogo. Mzee anatia maharagwe mengi katika shimo moja, mama anayatoa, Mzee anayarudisha nyuma ya mgongo wake. Nilimwambia Nashilu, "Nenda ukawafasirie kabla hawajaharibu shamba lote."

"Sifasiri tena," akasema.

Nikafungua kinywa niwaite mimi mwenyewe. Akaniziba kwa mkono wake wenye udongo.

Nimerudi ndani, nimekasirika, nakuandikia. Mvua imeanza kunyesha sasa hivi juu ya paa. Nimetoka mlangoni kuwaita waingie, mama na kifua chake kile. Wamemfunika mtoto kwa shuka la Mzee, wameinama juu ya shimo lilelile, na kila mmoja anamweleza mwenziwe jambo.

Mdogo wako,
Naftali